Bafu la nyumba ya kupanga Dodoma: kipi ubebe dukani, kipi ukiache rafuni

Nyumba nyingi za zamani za Dodoma, kuanzia Kikuyu na Chang'ombe hadi Area C, zina bafu lililowekwa kana kwamba lilikumbukwa siku ya kupaua. Ama liko mwisho wa ua, ukimaliza kuoga unavuka upepo hadi mlango wa nyuma. Ama limebanwa kati ya jiko na stoo, mlango wake ukitazama masufuria. Ndani kuna sakafu ya saruji, koki moja, sinki la kuchuchumaa, tundu la maji kwenye kona isiyostahili, bati bila dari, na dirisha la luva lenye vioo pungufu.

Vifaa vya kupendezesha bafu vimejaa madukani, kuanzia mitaa ya soko la Majengo hadi kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni. Tatizo ni kwamba vingi vimetengenezewa bafu la vigae, lenye dari, lenye maji laini. Hapa maji ya visima vya Mzakwe yana chumvi chumvi na huacha ukoko mweupe kila yanapokaukia. Kipupwe cha Juni na Julai kinashusha baridi ya alfajiri hadi nyuzi 13 au 14 hivi, upepo umebeba vumbi, na maji yenyewe yana mgao. Kwa hiyo kila kifaa hapa kimeulizwa maswali matatu: kitahimili chumvi? Kitashika kwenye plasta ya zamani? Siku ya kuhama, utakibeba au utamwachia mwenye nyumba? Hesabu zote ni za bafu la mita 1.2 kwa mita 2. Lako likiwa kubwa zaidi, ongeza.

Stika za ukutani

Tuanze nazo kwa kuwa ndizo hununuliwa kwanza na kujutiwa kwanza. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10, yaani mita za mraba 4.5. Kuzungusha bafu letu hadi kimo cha mita 1.2, ukitoa mlango wa sentimita 80, unahitaji mita za mraba 6.7. Hizo ni roli mbili, na kipande cha kufidia makosa kinabaki.

Kwenye picha ni vigae vinavyong'aa. Kwenye ukuta wa zamani, pembe zinaanza kujikunja mapema, kisha karatasi nzima inainama mbele kama mtu anayesalimia. Watu hulaumu gundi. Gundi ina sehemu yake, lakini kosa kubwa ni la ukuta. Kuta nyingi za zamani zilijengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi, maji yakakauka usoni pa ukuta, chumvi ikabaki kama unga. Stika inashika ule unga, haishiki ukuta.

Pima kabla ya kulipa. Bandika selotepu ya inchi mbili, isugue kwa kidole gumba, iache dakika tano, kisha ivute kwa nguvu. Ikitoka na unga mweupe au maganda ya rangi, stika haitakaa. Kipimo cha pili kinachukua siku mbili: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, ukizibe kwa selotepu pande zote nne. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, na hapo hata rangi ya mafuta itafura malengelenge.

Ukuta ukifaulu vipimo vyote viwili, uoshe kwa sabuni, suuza, uache siku mbili ukauke. Anza kubandika sentimita 30 juu ya sakafu, panga vipande kwa ulalo, na kipande cha juu kipishane na cha chini kwa milimita 5 ili maji yateleze nje ya kiungo badala ya kuingia. Pembe zote zipige silikoni isiyo na rangi. Upande unaorushiwa maji moja kwa moja usiuguse kabisa.

Zile stika nene za sponji zenye sura ya matofali, vipande vya sentimita 70 kwa 77, ziache dukani. Vumbi letu linajaa kwenye mifereji yake, zinabonyea zikiguswa na ndoo, na bafu likiwa limepakana na jiko umejenga ukuta wa kitu kinachoshika moto haraka. Hazina nafasi hapa.

Kinachozishinda zote ni cha kizamani: rangi ya mafuta, krimu au rangi ya udongo uliokolea, hadi kimo cha mita 1.2. Lita moja inafunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Mikono miwili kwa eneo letu ni mita za mraba 13.4, na plasta ya zamani inakunywa rangi, kwa hiyo nunua makopo mawili ya lita moja. Piga msasa namba 120, futa vumbi, paka, subiri hadi kesho yake, paka tena. Kazi hii ifanyike kati ya Mei na Novemba, hewa ikiwa kavu. Mwenye nyumba ni nadra kukataa rangi, ila muulize kwanza; wapo wanaodhani ukuta usio mweupe unafukuza wapangaji.

Sakafu ndiyo bafu lenyewe

Kabla ya mkeka wowote, mwaga ndoo ya lita 10 sakafuni na usubiri dakika kumi. Dimbwi likibaki, mkeka utaoza juu yake, na utelezi utakuwa chini ya mkeka ambako huuoni. Sakafu nzuri inateremka kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Kurekebisha eneo la kuogea tu, mita 1.2 kwa 1, ni kazi ndogo: nusu mfuko wa saruji na mchanga wa mto mara tatu yake. Fundi achonge sakafu ya zamani iwe na makovu, ailoweshe, apake uji mzito wa saruji, ndipo aweke udongo wa saruji usiopungua sentimita 2 upande mwembamba. Akipaka tabaka jembamba juu ya sakafu laini, litabanduka kama ukoko wa wali. Limwagiliwe maji kwa siku saba, na siku tatu za kwanza watu waoge kwa jirani. Hii ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo makubaliano ya kukata gharama kwenye kodi yaandikwe kabla saruji haijanunuliwa.

Sasa mikeka. Ule wa mpira wenye vikombe vya kunyonya chini unashika kwenye vigae tu. Kwenye saruji vikombe havipati uso laini, na mkeka unakuwa mtego wa kukuangusha. Mkeka wa nyuzi za plastiki zilizosokotwa kama tambi unafaa mlangoni. Bafuni unakamata nywele na sabuni na hauoshwi ukatakata.

Vipande vya plastiki vya kuunganisha, sentimita 30 kwa 30, vyenye matundu, ndivyo tunavyovipa alama ya juu miongoni mwa vitu vya dukani. Vipande 12 vinafunika sentimita 120 kwa 90. Vinakatwa kwa msumeno wa chuma kuzunguka bomba, mguu hausimami majini, na siku ya kuhama vinaingia kwenye mfuko wa salfeti. Dosari yake ni uvivu wa mwenye navyo: visipoinuliwa kila wiki na kusuguliwa chini, sabuni ikichanganyika na chumvi hujenga utando unaonuka. Chagua vyenye miguu mirefu, walau sentimita 1, maana vifupi vinaziba mkondo wa maji.

Kizuri kuliko hivyo hakiuzwi rafuni. Ni kichanja cha mbao, na seremala yeyote anaweza kukitengeneza. Mwambie atumie mninga, ambao unavumilia maji na mchwa, vipande vya inchi 2 kwa 1, nafasi ya sentimita 1 kati ya kimoja na kingine, na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida italia kutu na kuacha michirizi sakafuni. Agiza viwili vya sentimita 60 kwa 60, si kimoja kikubwa, kwa sababu kichanja kinatakiwa kusimamishwa ukutani baada ya kuoga, na kizito hakuna atakayekiinua. Asubuhi ya Julai, tofauti ya kukanyaga mbao na kukanyaga saruji haihitaji maelezo.

Maji ya moto: shawa ya umeme au ndoo?

Shawa ya umeme ya papo kwa papo ndiyo ndoto ya wengi, na ndicho kifaa tunachosita nacho zaidi kwenye nyumba za zamani. Ile ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye mita: waya wa milimita za mraba 4, au 6 bafu likiwa mwisho wa ua, breka ya ampea 32, kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Soketi za nyumba ya zamani zina waya wa 2.5, na taa 1.5. Fundi anayependekeza kuchukua umeme kwenye soketi ya chumbani "kwa muda" anakutengenezea moto ndani ya ukuta.

Halafu kuna chumvi. Shawa za bei ya chini zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji laini. Hapo ndipo unapogusa koki na kupigwa shoti. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, koili ikiwa imevishwa ala ya chuma, boksi linasema. Kama halisemi, usichukue. Presha nayo ipimwe: chini ya tenki pawe walau mita 1 juu ya shawa, la sivyo swichi ya ndani haijiwashi na utaoga maji baridi kwa kifaa cha gharama.

Tuitazame Luku. Tuseme maji ya tenki alfajiri ni nyuzi 18 na unataka 38. Wati 5,500 zitakupa takribani lita 4 kwa dakika. Dakika nane ni lita 32 na uniti 0.73. Watu wanne kila siku ni kama uniti 88 kwa mwezi, kwa kuoga tu. Familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 imeshavuka mpaka kabla ya kuwasha taa.

Ndoo je? Dodoma ipo kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, kwa hiyo maji yanachemka karibu na nyuzi 96. Lita 4 za maji yaliyochemka, ukichanganya na lita 11 za nyuzi 18, unapata lita 15 za nyuzi 39 hivi. Birika la umeme linatumia kama uniti 0.4 kwa kazi hiyo, na maji ni chini ya nusu. Siku ya mgao hiyo si tofauti ndogo. Tanguliza maji baridi kwenye ndoo ndipo umimine ya moto, plastiki idumu na watoto wasiungue.

Kwa anayetaka maji yanayotiririka, kuna shawa ndogo ya kuchaji: pampu inazama kwenye ndoo, mpira unapanda, kichwa kinatundikwa kwenye ndoano. Nyingi zinatoa lita 2 hadi 3 kwa dakika, hivyo ndoo ya lita 15 inatosha dakika tano hadi saba. Hii inapata alama nzuri kwetu: haigusi nyaya za nyumba, haitegemei tenki, inahama nawe. Kinachoiua ni mchanga. Chujio lake ni dogo, na maji ya boza au ya kisima yana matope. Acha maji yatulie, ning'iniza pampu isilale kwenye kitako cha ndoo, na suuza chujio kila wiki. Usiizamishe kwenye maji yanayounguza, na chaji chumbani, si bafuni.

Upepo

Watu hununua mapazia ya maua wakati baridi inaingilia kwenye luva mbili zilizovunjika. Pima urefu na upana wa kioo kilichobaki, nenda kwa wauza vioo, wakukatie vya milimita 5, wasage kingo. Kwa fedha inayotumika, hakuna kitu kwenye tathmini hii kinachobadilisha bafu zaidi ya hicho. Funga luva za chini, acha mbili za juu wazi: mvuke utoke bila upepo kukupiga mgongoni.

Pazia la bafu la kawaida ni sentimita 180 kwa 180. Kwa upana wa mita 1.2 linatosha na kubaki mikunjo, ambayo inasaidia. Chagua la polista kuliko nailoni jepesi. Jepesi linavutwa na upepo na kukugandia mwilini. Sumaku za kwenye pindo hazina kazi kwenye ukuta wa saruji. Shona mnyororo mwembamba wa plastiki au shanga nzito kwenye pindo. Fimbo ya kujibana yenye springi inateleza kwenye rangi ya mafuta: weka kipande cha tyubu ya baiskeli kila ncha. Waya wa pazia wenye springi ndani usiutumie, utashika kutu kwenye ndoano ndani ya msimu mmoja. Bomba la plastiki la nusu inchi linafanya kazi ileile na halijui kutu.

Bafu linalotazama jiko linahitaji pazia la pili, zito, upande wa nje wa mlango, na brashi ya chini ya mlango. Mapazia mazito ya mtumba yanatosha sana hapa.

Dari ni mjadala na mwenye nyumba. Jipsamu isiingie bafuni. Dari ya PVC ndiyo sahihi, lakini angalia urefu wa kipande: bafu letu linahitaji vipande 10 vya mita 1.2 kwa upana wa sentimita 20, na ubao wa mita 5.8 unatoa vinne tu, si vitano. Kwa hiyo ni mbao tatu. Muuzaji atakupigia hesabu ya mbili kwa kugawa mita za mraba, na fundi atakurudisha dukani kwa bodaboda.

Harufu

Udi ni wa sebuleni. Hauwezi kupigana na bomba. Tundu la maji lina kona chini inayobakiza maji ili kuzuia hewa ya shimo. Kwenye hewa kavu kama yetu, bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa hukaukiwa maji hayo, na hapo ndipo mende na harufu vinapopandia. Mimina lita 2 za maji, kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yanachelewesha ukaukaji. Kama nyumba haina kona hiyo kabisa, na zipo, kizibo cha mpira cha njia moja ndicho cha kununua. Pima kipenyo cha ndani cha bomba, si cha kichujio. Bomba la inchi 2 la zamani huwa limepungua kwa ukoko, kwa hiyo likwangue kwanza.

Vilivyobaki

Taa: balbu ya LED ya wati 5 hadi 7 inatosha. Tafuta namba 2700K au 3000K kwenye boksi. Ile ya 6500K, ambayo ndiyo wengi hupewa wasipouliza, inafanya ukuta wa krimu uonekane kama wodi. Holda iwe na kifuniko cha kuzuia maji na swichi ibaki nje.

Stendi za chuma zinazong'aa zishikie sumaku. Ikinata kwa nguvu, hicho huenda ni chuma kilichopakwa, na chumvi itaanza kukila kwenye viungo. Plastiki nene au aluminiamu ni salama zaidi. Ndoano za kubandika hazifai kwenye plasta. Skrubu mbili zenye fisha za milimita 6 zinaacha matundu yanayozibwa kwa kidole cha wolputi siku ya kuhama. Kikapu cha milulu cha Iringa kwa nguo chafu kinapendeza na kinadumu, ili mradi kikae mbali na marusharusha.

Kwa bafu la uani, taa ya sola yenye kihisi cha mwendo kwenye njia ya kwenda na kurudi inastahili fedha yake, hasa kwa watoto na wazee. Ifunge pasipofunikwa na paa wala mti, na ufute vumbi kwenye paneli kila wiki. Vumbi la Septemba linaweza kuifanya izime kabla ya usiku wa manane, watu wakadhani betri imekufa.

Ukoko wa chumvi kwenye koki na kichwa cha shawa unatoka kwa siki au ndimu ya unga, vijiko viwili kwa nusu lita ya maji ya vuguvugu, kwa dakika thelathini ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa na mpira. Usimwage mchanganyiko huo kwenye sakafu ya saruji, utaila. Na kamwe usiuchanganye na jiki: asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na kwenye chumba cha mita 1.2 kwa 2 hakuna pa kuikimbilia.